Popo Waliojua Mlio wa Kopo

Baada ya arobaini ya Baba tulikaa ukumbini, mimi na mdogo wangu Khamis, tukizitoa nguo zake sandukuni ili tuwagawie watu. Kanzu mbili, vikoi, shati alilokuwa akilivaa kwenye maulidi. Chini kabisa lilikuwepo koti la kaki ambalo nilidhani lilitupwa zamani. Khamis alilikunjua, kisha akageuza uso.

"Hili limeoza, dada. Linanuka nini?"

Nililichukua nikalisogeza puani. Halikuoza. Lilinuka pera lililopitiliza kuiva, likachanganyika na jasho la beberu, na nyuma yake utamu wa mbali kama wa miski. Miaka yote ile, na harufu ya popo ilikuwa bado imo kwenye mishono ya kola. Khamis haijui harufu hiyo. Alizaliwa mwaka kituo cha kuwauguza popo kilipofungwa, na yapo mambo ya mwaka ule ambayo hajapata kuambiwa. Nililikunja koti, nikamwambia nitalifua.

Kwetu ni kaskazini, mwendo wa miguu kutoka Makangale, mahali mashamba ya mihogo yanapokutana na msitu wa Ngezi. Juu ya kijiji kuna kilima chenye makaburi ya kale, na utotoni mwangu palikuwa na mivule mitatu iliyosimama juu ya makaburi yale. Popo walilala humo. Sisemi vile vipopo vya darini. Hawa walikuwa wakubwa, kifua rangi ya kutu, uso kama wa kijibwa, na bawa moja likikunjuliwa lilikuwa refu kuliko mkono wa Baba. Mchana wa jua kali waliugombania uvuli, wakajipepea kwa mbawa kama wanawake ukumbini kwenye harusi. Kelele zao zilifika hadi chuoni tulikosoma Kurani, na maalimu alikuwa akitunyamazisha sisi kwanza, kisha akatazama kilimani kana kwamba nao atawanyamazisha.

Kabla ya kuwa mtunza popo, Baba alikuwa mtega popo. Urimbo aliupika mwenyewe kwa utomvu wa fenesi, akaupaka kwenye fito, akazipandisha juu ya mti wenye matunda, akangoja wanase. Nyama aliiuza. Walikuwepo waliokula na walikuwepo waliosema haifai kuliwa. Mama alikuwa wa hao wa pili, tena bila kusubiri fatwa ya mtu. "Kiumbe chenye uso wa mbwa hakiingii chunguni mwangu," alisema, na Baba akawa anachoma yake nje, nyuma ya banda la kuku, peke yake.

Kisha alikuja mwanamke kutoka nje kuwahesabu popo. Sisi watoto tulimwita Bi Mgeni. Alitaka mtu anayezijua njia zao, na nani angezijua kumshinda mtegaji? Baba akamwongoza siku tatu. Siku ya tatu wakamkuta popo jike amenasa kwenye urimbo, na urimbo wenyewe ulikuwa wa Baba. Bi Mgeni hakumgombeza. Alichuchumaa, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: kama mtu hataki kumla, anamtoaje?

"Kwa mafuta ya nazi," Baba akamjibu.

Nilitumwa mimi kwa Mama. Nilikuwa nimeanza darasa la kwanza, na nakumbuka nilivyolishika bakuli kwa mikono miwili, nikipanda kilima huku mafuta yakinitiririkia viganjani. Baba alikaa asubuhi nzima akimsugua yule popo, akiikunjua ngozi ya bawa pole pole, akiufuata mfupa mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza alinivuta karibu.

"Tazama, Mize. Huu ni mkono. Vidole vitano, kama vyako." Akalikunja bawa. "Nimeyakata mabawa mangapi haya, wala sijatazama."

Alipenda kuwaambia wageni kwamba kituo kilianzia kwenye bakuli la mafuta la mkewe, na Mama, akiwa jikoni, alijibu kwa sauti kwamba bakuli lenyewe halijarudi.

Mzee Kombo, aliyekuwa na shamba chini ya kilima, alitoa kipande cha ardhi na akafanywa mwenyekiti wa kamati. Wanaume walileta boriti za mikoko. Wanawake walibeba udongo. Waya wa kuzungushia ulikuja kwa lori kutoka Wete, na siku ulipofika shule nzima ilitoka kwenda kuutazama. Mwalimu Perpetua, aliyetoka Bara na kupanga chumba kwa jirani yetu, ndiye aliyekuwa akiandika barua za kituo kwenda kwa wafadhili wa Bi Mgeni, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kutegemewa. Na ndiye aliyeandika kibao, herufi za buluu kwenye ubao mweupe. Baba hakujua kusoma vizuri, lakini kila asubuhi alikifuta kibao kile kwa kitambaa.

Waliletwa popo wa kila namna. Walionasa kwenye urimbo wa wengine, waliopigwa manati, wenye risasi za chembechembe mwilini, na vitoto vilivyokutwa vimemng'ang'ania mama aliyekwisha kufa. Vitoto hivyo Baba alivifunga kifuani kwa kipande cha kanga, ndani ya lile koti, akawa anatembea navyo kijijini. Watu walicheka. Baada ya muda wakaacha kucheka, wakaanza kuuliza, "Faki, yule mdogo kanywa leo?"

Alasiri ilikuwa saa yangu. Baba alikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga, na kijiko. Alikuwa akiligonga kopo, ko-ko-ko, halafu kimya, halafu ko-ko-ko, na popo wote ndani ya waya wakaanza kusogea wakining'inia, mguu kwa mguu, kuelekea upande wa chakula: mapapai, ndizi mbivu, shelisheli. Waliopona hawakutupwa hewani tu wakajitegemee. Walifunguliwa mlango, lakini nje, chini ya mti wa mkungu, Baba alijenga uchaga wa chakula, na kwa wiki nyingi waliendelea kushuka pale kila jua lilipokaribia kuzama, wakiitwa na kopo. Wengine walishuka hata baada ya miezi. Kama mkono ulikuwa wa Baba, hawakuukimbia.

Nilitaka kuwajua wetu wakiwa juu ya mivule pamoja na wenzao. Mwalimu Perpetua akanipa chupa yake ya rangi ya kucha, nyekundu ya kung'aa, imebaki nusu. Popo ana kucha moja ndefu kwenye kidole gumba cha bawa, na hiyo ndiyo niliyoipaka kwa kila aliyekuwa akiondoka. Mama alipoona alishika kiuno.

"Rangi ya kucha inazuia udhu. Weye mtoto hujafunzwa?"

"Popo hawatawadhi, mama Mize," Baba akasema, na Mama akacheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki mara nyingine wawili wale walipocheka pamoja namna ile.

Shuleni nilikuwa mtu. Niliwaambia wenzangu kwamba popo wananijua, na walipobisha niliwaleta chini ya mkungu, nikachukua kopo, nikagonga. Walishuka sita. Nilisimama pale kama bibi harusi, na wale watoto walikwenda makwao wakasimulia, na waliosimuliwa wakasimulia.

Sijui hasa mambo yalianza kuharibika lini, kwa sababu mtoto huyaona mambo yakiwa yamekwisha kufika. Bi Mgeni alikwenda kwao, akaandika mara mbili, kisha hakuandika tena. Barua za Mwalimu Perpetua zilijibiwa kwa ufupi, halafu hazikujibiwa. Mwalimu mwenyewe alipewa uhamisho. Tulimsindikiza hadi barabarani, akalia, akasema atakuja likizo, na hakuja. Posho ya Baba ilikatika, naye akaendelea kwenda kila siku kama kawaida. Halafu karafuu hazikuzaa, na kijiji kizima kikakaa kikitazamana. Papai lililokuwa likiletwa kituoni kwa mapenzi likawa na mwenyewe. Nilimsikia mwanamke mmoja kisimani akisema, bila kunitazama, "Watoto wala muhogo mkavu, popo wala ndizi." Nilidhani anawasifu popo kwa kula vizuri.

Wakati huo mlango wa kituo ulikuwa ukifungwa kwa kamba tu, komeo lake lilikuwa limekatika. Siku moja ngawa, yule mnyama wa msituni kama paka, aliingia akaua watatu. Niliwaona asubuhi, na tangu siku ile kila nilipoomba dua niliomba kufuli. Ndiyo sababu, Mzee Kombo alipokuja barazani kwetu na nikamsikia akimwambia Baba, "Kituo kitafungwa, Faki. Hapana budi," moyo wangu uliruka. Nilitoka mbio kuwaambia wenzangu chuoni. Kituo chetu kinafungwa! Walifurahi kwa sababu mimi nilifurahi. Niliporudi Mzee Kombo alikuwa ameondoka, na Baba amekaa pale pale, miguu ameinyoosha.

"Baba, kufuli lenyewe kubwa?"

"Kufuli gani?"

"La kituo. Mzee Kombo kasema kitafungwa."

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani anapima ukubwa wa kufuli kichwani.

"Kubwa, mwanangu," akasema. "Kubwa sana."

Walikuja Ijumaa baada ya sala, wakiwa na koleo za kukatia waya. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango ili niwe wa kwanza kuliona kufuli. Mzee Kombo alisema maneno machache, kwamba kamati imefanya iliyoweza, kwamba waya utagawiwa kwa waliojitolea tangu mwanzo, kwamba tusilaumiane. Kisha wakaanza kukata. Kila mtu alijikunjia kipande chake, cha kutengenezea banda la kuku. Kibao cha Mwalimu Perpetua mtu alikichukua akakifanya mlango wa banda la mbuzi, herufi za buluu zikiwa ndani. Nilimshika Baba kanzu nikamuuliza mbona wanabomoa. Alikuwa akiwahamisha popo mmoja mmoja, kutoka kwenye waya hadi kwenye matawi ya mkungu, mikono yake ikitangulia mbele ya koleo.

Walioweza kuruka waliruka. Saba hawakuweza. Walining'inia chini ya mkungu kwenye mwanga mweupe, hawana kivuli cha makuti tena, na kunguru wakawaona. Baba aliwafukuza kwa mawe siku ile yote na siku ya pili. Siku ya tatu ilimbidi aende kutafuta kibarua, akaniachia mimi mawe. Nilitupa mpaka mkono ukafa ganzi. Kunguru hawachoki. Baba aliporudi hakuuliza wamebaki wangapi, alilitazama tawi tu, akaniosha mikono kwa maji ya kata kama tunavyooshwa kabla ya kula, akaniambia niende nyumbani kwa mama.

Mama alikuwa mjamzito. Alijifungua miezi michache baadaye, akatokwa damu nyingi, akabaki amelala kando ya ukuta, midomo myeupe. Mtoto alikuwa Khamis. Alilia siku mbili za kwanza, halafu kilio kikawa kidogo, na huo udogo ndio uliomtisha mkunga. Nilimsikia akimwambia Baba mlangoni:

"Maziwa hayatoki, Faki, kwa sababu mwilini hamna kitu. Mtafutie supu. Si uji, supu."

Kuku wetu wote walikuwa wamekufa kwa kideri. Bahari ilikuwa imechafuka na hapakuwa na samaki. Baba alikwenda nyumba kwa nyumba, na najua alikwenda mpaka kwa Mzee Kombo, kwa sababu nilimwona akirudi kutoka upande huo akiwa hana kitu mkononi. Alikaa barazani. Kisha akainuka, akaingia stoo, akatoka amevaa koti la kaki.

Baada ya hapo nilikuwa uani nikichambua mchele wa mkopo niliposikia ko-ko-ko kutoka upande wa mkungu. Kimya. Ko-ko-ko.

Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena maishani. Niliutupa ungo, nikakimbia. Kituo kimerudi! Baba kaficha siri, kumbe waya mwingine umekuja! Nilimkuta amesimama chini ya mti, kopo mkono mmoja, na popo watatu au wanne walikuwa tayari wameshuka kwenye matawi ya chini, wakinusa hewa. Miguuni pake palikuwa na kikapu cha ukili.

"Baba! Kimefunguliwa?"

Alishtuka. "Rudi nyumbani, Mize."

"Niwaletee papai?"

"Rudi. Kabandike maji. Maji mengi, yachemke."

Nilijua maji ya moto ni ya nini. Baba alikuwa akiyachanganya na mafuta ya nazi kulainisha urimbo ulioganda. Kwa hiyo yupo mgonjwa, nikawaza, wa kwanza wa kituo kipya. Nilikimbia nikabandika sufuria kubwa, nikachochea kuni, nikatafuta bakuli, nikamimina mafuta ya Mama yaliyokuwa yamebaki chini ya chupa. Hata kitambaa safi nilikiweka karibu. Baba alipoingia jikoni aliviona vyote vile vimepangwa, akasimama mlangoni hawezi kupita.

Kikapuni walikuwemo wawili, wamechinjwa. Bawa la mmoja lilikuwa limetoka nje, na kwenye ncha ya kidole gumba palikuwa na wekundu ambao sikuudhania damu hata kwa mara moja. Niliujua. Ilikuwa rangi yangu, imechakaa, imebaki katikati ya kucha.

"Wallahi nimewaita tu," Baba akasema. Alisema kwa sauti ndogo, na sijui alikuwa akimwambia nani. "Nimewaita tu, wakaja."

Aliwachuna mwenyewe. Alinipa mimi bakuli la supu nimpelekee Mama, kwa sababu alisema Mama akiniona mimi hatauliza. Lakini Mama aliuliza.

"Nyama ya nini hii, mwanangu?"

Baba alikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia pumzi yake.

"Njiwa," nikasema. "Baba kanasa njiwa."

Alikunywa. Alikunywa siku ile na siku zilizofuata, na wiki haikuisha maziwa yakatoka, na kilio cha Khamis kikarudi kuwa kikubwa mpaka majirani wakalalamika kwa furaha. Sijawahi kujua niutazame vipi mwezi ule. Nikiulaani, ninamlaani ndugu yangu.

Kama lingeishia hapo huenda ningelisahau. Lakini watu walisikia lile kopo. Wenzangu niliowaonyesha walikuwa na baba zao, na baba zao walikuwa na njaa kama ya kwetu. Kila jioni ilipokaribia kopo liligongwa, mara upande huu wa kilima, mara ule, na wale wetu walioponywa ndio walioshuka kwanza, na wenzao wasiomjua mtu wakawafuata. Wengine walikuja na nyavu, wengine kutoka mbali wakaja na bunduki. Mzee Kombo alikuja barazani akiwa amekasirika, akasema mbele yangu:

"Faki, weye ndiye uliyetufunza kuwapenda hawa. Leo unawamaliza?"

"Nyie niliwafunza, Mzee Kombo, na mkasahau," Baba akamjibu. "Wao ndio hawakusahau."

Hazikupita mvua mbili. Asubuhi moja tulikuwa chuoni, maalimu akatazama kilimani kwa mazoea ya kutaka kunyamazisha, na palikuwa kimya. Mivule ilikatwa baadaye, mmoja mmoja, kwa mbao. Baba akawa mlinzi kwenye hoteli ya pwani, akazeeka huko. Nyama ya aina yoyote hakuigusa tena, na watu walisema ni tumbo. Mama alitangulia kufa. Kama alijua, alikwenda nalo. Mimi na Baba hatukulizungumza hata siku moja. Kwenye ugonjwa wake wa mwisho nilikaa naye miezi minne, nikimlisha kwa kijiko, na mara mbili alifungua kinywa kama anayetaka kusema, nami mara zote mbili nilikijaza uji.

Wiki iliyopita walikuja vijana watatu kutoka mjini, wenye shirika lao dogo. Wanataka kuanzisha kituo cha kuwauguza wanyama, na wamesikia kwamba kwetu kilikuwepo cha wananchi wenyewe, zamani, kabla ya vingine vyote. Niliwapandisha kilimani. Pamepandwa mihogo hadi kwenye makaburi. Nikawaonyesha waya ulipopita, na mkungu ulipokuwa. Msemaji wao alikuwa binti mpole, mwenye daftari.

"Bi Mize, popo wenyewe ilikuwaje? Walikufa?"

Khamis alikuwa pembeni yangu, ametufuata kwa sababu hakuwa na kazi siku ile. Alikuwa akinitazama naye, anangoja kusikia.

"Walihama," nikasema.

"Walihamia wapi?"

Nikanyoosha mkono kuelekea msituni. Binti akaandika. Akasema ni jambo la kutia moyo, kwamba huenda wako mahali. Kisha akageuza ukurasa mpya, akaniambia wangependa kituo kipya kikipatikana kiitwe kwa jina la Baba, akaniuliza linaandikwaje, nami nikamtajia herufi moja moja.